Masale ya Nyumba Kubwa

Akina mama wa usharika walipopanga safari ya kwenda kutembelea jumba la makumbusho, Elisifa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikisha jina, na kila mtu alishangaa. Huyu ni mama aliyewahi kukataa kwenda kuona bahari Tanga kwa sababu ng'ombe wake angekosa majani siku mbili. Mwaka uliofuata akakataa Ngorongoro kwa sababu hiyo hiyo, ingawa ng'ombe alikuwa ameshauzwa. Sasa jumba lenyewe liko hapo tu, juu kidogo ya Kiboriloni, si mbali na kwake Kirua Vunjo, na kwa mujibu wa tangazo lililosomwa kanisani, ndani yake mna vinu, vibuyu na majembe ya kizamani. Hellen, mwenyekiti wao, alimwuliza kama kinu chake kimekufa hata akalipie kutazama cha wenzake. Elisifa akacheka, akasema anataka kutembea kabla magoti hayajamkataa kabisa.

Kuhusu magoti hakusema uongo. Lakini yaliyompeleka hayakuwa magoti wala vinu. Nyuma ya jiko la jumba lile alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza, miaka arobaini na miwili iliyopita, na tangu hapo hakukanyaga tena pale. Wala hakumwambia mtu.

Watu wa huko jumba hilo huliita Kwa Mgiriki, ingawa Mgiriki mwenyewe aliondoka wengi wao hawajazaliwa. Ni nyumba kubwa ya mawe, yenye baraza pande tatu, katikati ya shamba la kahawa. Baada ya Mgiriki shamba lilikuwa na mameneja, na ni katika nyakati za meneja mmojawapo ndipo Elisifa, akiwa na miaka ishirini na moja, alipopata kazi ya kufua na kupiga pasi. Hapo ndipo alipokutana na dereva wa trekta. Huyo dereva aliahidi mambo mengi, na tumbo lilipoanza kuonekana akaomba uhamisho, akapewa upesi kuliko watu wanavyopewa uhamisho siku zote. Baba yake Elisifa alituma neno kutoka mlimani kwamba binti asirudi nyumbani na mtoto asiye na ukoo. Wazee wa namna ile walikuwa wakisema jambo mara moja tu.

Mtoto alizaliwa wakati wa masika, katika chumba cha watumishi, mvulana mdogo mwenye nywele nyingi. Siku ya kumi akaanza homa. Barabara ilikuwa tope tupu, na gari la shamba lilikuwa limekwama huko chini. Mpishi wa nyumba ile alikuwa Yunusu, mtu wa mjini Moshi, Mwislamu wa swala tano, mwenye watoto sita wa kwake. Ndiye aliyekaa na Elisifa. Alipoona hali inazidi kuwa mbaya alimwuliza kama kwenye dini yao hakuna jambo la kumfanyia mtoto. Elisifa akakumbuka darasa la kipaimara, mwinjilisti akifundisha kuwa hatari ikiwa karibu Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Yunusu akaleta maji katika kikombe cha chai cha meneja, maana ndicho kilichokuwa safi karibu naye, akasimama mlangoni amevua kofia mpaka mama alipomaliza. Kesho yake asubuhi mtoto akafa.

Uchagani mtoto huzikwa kwenye kihamba cha baba yake, kwenye migomba ya ukoo wake, na huyu hakuwa nacho. Yunusu akachimba nyuma ya jiko, baina ya mti wa parachichi na mfongo, ule mfereji wa maji uliotoka juu mlimani. Alitaka kwenda kuwaita vibarua wa kahawa waje wasimame japo kidogo. Elisifa alimsihi asimwite mtu. Ndivyo mazishi yale yalivyokuwa ya watu wawili, katika nchi ambayo hata mbuzi wa jirani akifa watu huja kuuliza kulikoni.

Kisha Elisifa akaenda mpakani mwa shamba akavunja isale, akarudi akalichomeka kichwani pa kaburi. Isale ni mti usio na makuu, shina jembamba na majani marefu ya kijani, lakini kwa Mchaga una heshima. Hupandwa kwenye mpaka, hupandwa kaburini, na mtu aliyekosa hulichukua jani lake akaenda nalo kuomba radhi. Tena halifi kirahisi. Elisifa alijiambia kwamba atakapoweza kurudi, hata kama ni baada ya miaka, isale litamwonyesha mahali.

Miaka miwili baadaye aliolewa na Efraimu wa Kirua, fundi seremala, mtu mpole aliyecheka kwa urahisi. Wakazaa watoto watano, wa kwanza Davis, na tangu siku ile Elisifa akaitwa Mama Davis, kama ilivyo desturi. Mwaka wa kwanza hakumwambia mumewe kwa aibu. Mwaka wa pili hakusema kwa hofu. Mwaka wa kumi hakusema kwa sababu hakujua aanzie wapi. Efraimu alifariki miaka sita iliyopita bila kujua, na hilo lilimuuma Elisifa kuliko alivyotarajia, kwa sababu alipokuwa akiukanda mguu wake katika ugonjwa wa mwisho aliona wazi kabisa kwamba yule mtu angemsamehe, na pengine angeenda naye.

Na jumba nalo lilikuwa limefungwa. Walikuja wenye shamba wengine wakaweka ua na mbwa. Baadaye likabaki tupu, likawa na mlinzi aliyependa kufukuza watu kuliko kulinda. Hatimaye kikatokea kikundi cha watu wenye kupenda mambo ya kale, wakaezeka paa upya, wakapaka chokaa, wakaandika getini kwamba ni makumbusho ya maisha ya zamani ya mlimani. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Elisifa aliposikia tangazo lile kanisani, hakusikia tena mahubiri ya siku ile.

Waliwasili saa nne asubuhi, akina mama kumi na tisa wenye vitenge vya sare. Mwongozaji alikuwa binti aitwaye Goodness, mchangamfu, mwenye beji kifuani, akawaamkia wote shikamoo kwa mpigo mmoja na kuwaomba radhi kuwa hataweza kumshika kila mmoja mkono. Pembeni mwa geti palikuwa na masale mawili yamesitawi vizuri. Elisifa aliyatazama, moyo ukamtulia, akasema kimoyomoyo kwamba hawa watu angalau wanajua mambo.

Kisha wakaanza kupanda kuelekea kwenye nyumba, na pande zote mbili za njia palikuwa na ua wa masale. Mbele ya baraza, masale. Kuzunguka maegesho ya magari, masale. Pale walipojenga msonge wa mfano wa nyumba ya Kichaga, masale mengine, yamepangwa duara. Goodness akaeleza kwa fahari kuwa makumbusho ina masale zaidi ya mia mbili, maana ndiyo alama ya Mchaga, na wageni huyapenda sana kwenye picha. Akina mama wakaitikia kwa sauti ya kustaajabu. Elisifa alikuwa akiyatazama moja baada ya jingine, akijiuliza lake lingejulikanaje.

Ziara yenyewe ilikuwa nzuri, nisiseme vibaya. Waliona bafu la chuma lenye miguu ya simba, na Hellen akauliza ni nani aliyekuwa akilijazia maji. Waliona kitanda cha Mgiriki, kilichowasikitisha kwa udogo wake. Kwenye chumba chenye dirisha kubwa binti akasema kuwa hapo familia ilikuwa ikikaa kunywa chai ya saa kumi na kutazama mlima. Pengine ndivyo, enzi za Mgiriki. Elisifa alikumbuka chumba kile kikiwa na magunia ya mahindi hadi darini, na panya wake. Ndani ya msonge palikuwa na ng'ombe wa plasta, mnene, mwenye macho ya huruma. Mama mmoja akasema ng'ombe mnene vile hajawahi kufugwa na Mchaga yeyote, labda alikuwa wa maofisa. Walicheka mpaka Goodness naye akacheka.

Elisifa alingoja wafike kwenye vinu, maana alijua hapo kila mtu atataka kutwanga na kupigwa picha. Walipoanza kugombania mchi, akatoka nje.

Alizunguka nyumba kwa upande wa kushoto kwenda jikoni. Mlango wa jiko haukuwepo. Walikuwa wameuziba kwa mawe, vizuri, na ndani wamepafanya duka la kahawa ya pakiti na vikapu. Alikuwa na hesabu yake: kutoka kizingitini hatua ishirini na sita hadi kwenye parachichi, kisha geuka upande wa mfongo hatua tano. Sasa kizingiti hakuna. Parachichi hakuna, hata kisiki. Mfongo umeingizwa kwenye bomba, haujulikani umepita wapi. Palipokuwa na migomba pamejengwa vyoo vya wageni, vyenye vigae, na pembeni yake tangi kubwa la maji juu ya nguzo. Na kote huko, mstari juu ya mstari, masale yamesimama yamelingana kimo.

Alijaribu. Akakisia mlango ulipokuwa, akaanza kuhesabu hatua, akafika ishirini na sita akajikuta kwenye ukuta wa choo. Akarudi. Safari ya pili akakumbuka kuwa hatua za msichana wa miaka ishirini na mbili si za bibi wa sitini na nne mwenye magoti mabovu, akaongeza nane. Akafika kwenye ua wa masale, akainama kulitazama la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Yote yalikuwa na uso mmoja. Ndipo alipoingiwa na hofu ambayo kwa miaka yote arobaini na miwili hakuwahi kuwa nayo, kwamba pengine walikwisha kumchimba, au wakajenga choo juu yake, na hakuna aliyejua kwamba wamefanya hivyo. Alijikasirikia vibaya. Aliona kuwa ukimya wake ndio uliofanya haya, kwani mtu angejuaje?

"Mama, umepotea?" mtu akauliza nyuma yake.

Alikuwa mzee wa makamo mwenye viatu vya mvua, ameshika mkasi wa kukatia ua. Akamwamkia, akajitambulisha kuwa yeye ni Remigius, mtu wa Kwa Sadala, ndiye mtunza bustani. Elisifa akajibu kwamba anatafuta choo. Remigius akatazama mlango wa choo, ulio hatua mbili kutoka walipo, wenye picha ya mwanamke iliyo kubwa kama kitoto, kisha akamtazama tena mama.

Elisifa ikabidi aseme kitu. Akauliza masale yote haya yaliletwa kutoka wapi.

Hapo alikuwa amemgusa mtu penye ugonjwa wake. Remigius akaweka mkasi chini na kuanza. Alisema alipoajiriwa, miaka minane iliyopita, huku nyuma kulikuwa ni kichaka, lantana imefika kwenye madirisha. Wenye makumbusho walitaka masale ya kupamba, wakataka kwenda kununua miche kwenye kitalu mjini. Yeye akawaambia wasipoteze muda. Akiwa anafyeka alikuwa amekuta isale moja katikati ya kichaka, nene, lenye mashina mengi kupita aliyowahi kuona, bila mpaka, bila nyumba, bila kitu chochote karibu. Akakata vijiti vyake, akachomeka. Vikashika. Mwaka uliofuata akakata kwenye vile vijiti.

"Kwa hiyo haya yote," alisema, akizungusha mkono hadi getini, "ni watoto wa lile moja."

Elisifa akauliza lenyewe liko wapi, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza habari za bustani. Remigius akaisikia tofauti hiyo. Akatangulia.

Alimpeleka nyuma ya tangi, mahali ambapo wageni hawapelekwi, pembeni ya mashine ya umeme iliyokuwa ndani ya kibanda chake. Isale lilikuwa pale. Lilikuwa limepanuka hata mtu mmoja asingeweza kulikumbatia, mashina ya zamani yamepinda na kulala, mapya yakitokea katikati. Chini yake palikuwa na mawe ya mviringo, yale laini ya kwenye maji, yamepangwa kwa duara dogo na kuzama nusu katika udongo. Elisifa aliyajua. Alimwona Yunusu akiyatoa kwenye mfongo moja moja, kanzu ameifunga kiunoni, mvua ikimnyeshea.

Remigius alieleza taratibu, safari hii bila fahari. Ofisi ilitaka kibanda cha mashine kikae hapo hapo, na ramani ilikuwa imekwisha chorwa. Yeye akawaambia wamwachishe kazi kwanza. Meneja wa makumbusho, ambaye alikuwa kijana msomi, alimwuliza kwa sababu gani, kwa mti ambao wanao mia mbili? Akamjibu kwamba isale halijipandi. Ukilikuta peke yake, basi kuna mkono ulioliweka, na mkono huo ulikuwa na sababu. Wakabishana siku mbili, kisha wakasogeza kibanda.

"Nilijua hapa pana mtu, na kwa udogo wa hayo mawe nilijua ni mtoto," alisema. "Kila Desemba watu wanaporudi kwao huwa naangalia kama atatokea yeyote kuuliza. Hajatokea. Nikasema basi, labda ukoo wake umekwisha."

"Haujaisha," Elisifa alisema. "Mimi ndiye mama yake."

Remigius akavua kofia. Hakuuliza lini wala kwa nini, na Elisifa alimshukuru kwa hilo baadaye. Akasema tu, pole mama, kama mtu anavyosema siku ya msiba wenyewe, akaondoka akaenda kusimama mbali kidogo, akiwa amegeuza mgongo.

Elisifa akakaa chini, kwenye majani, na kitenge chake cha sare. Alilia, kwanza kwa sauti ndogo, halafu kwa ile sauti ambayo hakujiruhusu wakati ule kwa kuogopa kusikika nyumba kubwa. Alimlilia mtoto, akamlilia Yunusu aliyekufa bila yeye kwenda hata kuwapa wanawe pole, akamlilia Efraimu kwa sababu alimnyima nafasi ya kuwa mwema. Machozi yalipopungua alijikuta ameshika moja ya yale mawe. Alikuwa na huzuni, na ndani ya huzuni alikuwa na nafuu kubwa, maana mtoto alikuwa pale alipomwacha.

Hellen alimkuta hapo. Alikuwa amekuja kwa hasira ya mwenyekiti, kwani mtori ulishapakuliwa kwenye meza za barazani na mtu mmoja hapatikani. Alipomwona mwenzake amekaa chini hasira ikageuka hofu, akadhani ameanguka. Elisifa akamshika mkono na kumwambia si kuanguka. Kisha akamwambia yote, kuanzia dereva wa trekta, bila kupunguza. Haikuchukua muda mrefu. Jambo alilolibeba miaka arobaini na miwili lilisemeka lote kabla mtori haujapoa.

Hellen aliyatazama mawe, akalitazama isale, akamtazama tena huyu rafiki aliyelima naye, aliyeimba naye kwaya, aliyempokelea watoto wawili kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama Davis," alisema mwishowe, "ulizika peke yako. Mbona hukutuita?"

"Wakati ule sikuwajua."

"Tumejuana miaka thelathini na minane."

Hellen alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu kwao kumnyima jirani msiba wako ni kumwambia kwamba si jirani.

"Basi nawaita sasa," Elisifa alisema.

Hellen akainuka, akajifuta magoti, akaenda zake. Kutoka barazani vilisikika viti vikisogezwa. Haukupita muda akina mama wakaanza kutokea pembeni ya nyumba, wawili wawili, wengine bado wakijifuta midomo, wote wamefunga vitenge viunoni kama wafungavyo wanapoingia kwenye nyumba yenye msiba. Goodness alikuja nyuma yao, beji ameivua. Walimpa Elisifa mkono mmoja mmoja, kila mmoja akisema pole, wote kumi na wanane, kisha wakasimama kuzunguka lile duara dogo la mawe.

Hellen akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeongoza ibada, marehemu aliitwa nani.

"Elinipendo," Elisifa akawaambia.